Feri ya Likoni ni ya nani?

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimebanwa kwenye feri, faili kwapani, navuka kutoka Likoni kwenda kortini kisiwani Mombasa. Kando yangu alisimama mzee mmoja wa mtaani kwetu Likoni, anayenijua tangu sijaenda chuo, kapu la samaki miguuni.

"Mwanangu, wewe si wakili? Hebu nambie. Feri hii ni ya gavana au ya rais? Maana sisi wa miguu hatulipi, na mafuta hayanunuliwi kwa dua."

Nikamjibu harakaharaka, kama tujibuvyo mawakili tusipofungua kitabu: ni ya serikali kuu, mzee, inaendeshwa na shirika la umma, kaunti haimo. Akaguna tu.

Nilipofika ofisini ile guno ikanisumbua. Nikafungua Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne, ambalo ndilo linalogawa kazi kati ya serikali kuu ya Kenya na kaunti, kila kaunti na gavana wake. Katika orodha ya kaunti, chini ya uchukuzi, zimetajwa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari, usafiri wa umma wa barabarani, kisha feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kimataifa na za kitaifa. Feri imo, tena kwenye orodha ya kaunti.

Kwa hiyo nilimjibu mzee kuhusu nani anayeiendesha, naye aliuliza ni ya nani. Hayo ni maswali mawili. Katiba kukutajia kazi si sawa na kukabidhiwa funguo. Jedwali la Sita liliruhusu kazi zihamishwe kidogokidogo, kwa muda usiozidi miaka mitatu tangu uchaguzi wa kwanza wa mabunge ya kaunti. Baadhi zilifika mapema, kama hospitali za kaunti. Nyingine bado zina mabishano, na neno "isipokuwa" ndilo linalotulisha sisi mawakili. Kifungu cha 187 nacho chakubali serikali moja kuipa nyingine kazi yake kwa makubaliano, lakini dhima ya kikatiba hubaki kwa yule aliyetajwa kwenye Jedwali. Ukimwachia jirani ufunguo, nyumba bado ni yako.

Shuleni tulikariri mihimili mitatu: Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, Mahakama huzifasiri. Si uongo, ila mtu akiishia hapo huiona nchi kama mnazi, rais kileleni na sisi chini tukingoja dafu lidondoke. Katiba haikuanza na rais. Kifungu cha 1 chasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, nao ndio walioyakabidhi kwa Bunge na mabunge ya kaunti, kwa serikali kuu na serikali za kaunti, na kwa Mahakama. Mamlaka ya rais yanaelezwa huko mbele, Kifungu cha 131.

Na tazama kwamba kaunti imetajwa papo hapo, kwenye kifungu kile kile cha kwanza. Kifungu cha 6 kinaongeza kwamba serikali hizi mbili ni tofauti na zinategemeana. Gavana si karani wa rais. Rais hawezi kumfuta kazi kwa barua. Safari ya kumng'oa gavana huanzia kwa wawakilishi wadi katika bunge la kaunti, ikaamuliwa na Seneti, ile nyumba ya Bunge inayowakilisha kaunti. Kabla ya 2010 mambo yalikuwa mengine kabisa. Baraza la mji lilikuwa chini ya waziri, na mkuu wa mkoa alikuwa mtu wa rais.

Wazee wa Pwani hapa huniuliza: kumbe majimbo yamerudi? Si hivyo hasa, ila swali lina mizizi. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, na Pwani ilikuwa jimbo lenye bunge lake. Ronald Ngala na chama chake cha KADU ndio waliolipigania. Halafu KADU ikajivunja 1964, wabunge wake wakajiunga na serikali, na majimbo yakavuliwa nguo moja moja kwa marekebisho yaliyopitishwa bungeni mpaka hayakubaki na kitu. Mwananchi hakuulizwa.

Kwa maoni yangu kifungu muhimu kuliko vyote kuhusu ugatuzi, yaani huku kuzigawia kaunti mamlaka, ni cha 255, na ni wachache wanaokitaja. Hicho chasema huwezi kugusa muundo wa ugatuzi bila kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti 47 lazima wajitokeze kupiga kura. Waliokiandika walikuwa wameyaona ya majimbo.

Pesa? Kifungu cha 203 kinazipa kaunti zote kwa jumla si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hapo ndipo vita vya Seneti na Bunge la Taifa huwaka kila mwaka.

Si kila kitu kiligatuliwa. Polisi ni wa serikali kuu. Shule za msingi na za upili pia. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mahakama nazo ni moja kwa nchi nzima, hata Mahakama ya Kadhi ambayo wengi wetu Mombasa huidhania ni ya Pwani peke yake. Imo kwenye Kifungu cha 170. Na majaji wakisema hapana, hapana hiyo humfikia kila mtu, hata rais. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa.

Wiki iliyofuata nikakutana na mzee, feri ile ile. Nikamwomba radhi: kwenye Katiba feri imeandikwa kwa kaunti, ingawa usukani uko kwa serikali kuu. Akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Na hawa je?" akaniinulia kapu. "Samaki ni wa nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Uvuvi umeandikwa kwenye orodha ya kaunti chini ya kilimo, na umeandikwa tena kwenye ya serikali kuu chini ya uhifadhi wa mazingira. Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu, safari hii nianze na kitabu.