Bati na Chandarua: Nani Aamue Matumizi ya Fedha?

Mjadala wa iwapo serikali au mtu binafsi ndiye anayetumia fedha kwa busara zaidi huendeshwa mara nyingi kana kwamba matumizi yote ni ya aina moja. Kwa mtazamo wa kiuchumi, yafaa kuuliza kwanza ni nani anayefaidika na matumizi hayo, na ni nani aliye na taarifa za kutosha za kuyaamua.

Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa zaidi ya kaya 10,500 zilizoishi katika nyumba za nyasi takriban dola 1,000 za Marekani kila moja, bila kuziwekea sharti lolote la matumizi. Watafiti waliofuatilia mpango huo walibaini kwamba hata kaya ambazo hazikupewa chochote ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa fedha zilizunguka katika maduka na vibarua vya huko huko, ilhali bei za bidhaa zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Hofu kwamba maskini akipewa fedha taslimu atazinywea pombe, hofu inayopendwa sana maofisini, haijathibitishwa na tafiti zilizofanyika katika nchi nyingi. Hakuna ofisa anayeweza kujua, akiwa mjini, kwamba kaya hii inahitaji bati na ile ya pili inahitaji mbuzi.

Kwa chandarua, hata hivyo, hesabu hubadilika. Mwaka 2007, katika utafiti uliohusisha kliniki 20 za wajawazito magharibi mwa Kenya, vyandarua vilitolewa kwa bei tofauti tofauti. Bei ilipofika shilingi 40, kiasi kisichofika dola moja, kiwango cha waliovichukua kilishuka kwa pointi 60 za asilimia kikilinganishwa na pale vilipotolewa bure. Na waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Kwa maoni yangu, haifai kuwalaumu akina mama hao. Utafiti uliofanyika Asembo, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hukinga hata nyumba zisizo navyo zilizo ndani ya mita 300, hivyo mnunuzi hulipia peke yake kinga ambayo majirani wanaipata pia. Bidhaa ya namna hiyo ikiachiwa soko pekee, itanunuliwa kwa kiasi kidogo kuliko jamii inavyohitaji.

Tanzania ilijaribu njia ya kati kwa Hati Punguzo, yaani vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, kuanzia mwaka 2004: serikali iliamua bidhaa, mjamzito akachagua duka na kulipa nyongeza. Nyongeza hiyo ndiyo iliyowakwamisha walio maskini zaidi, na baadaye kampeni za kugawa vyandarua bure zikaendeshwa nchi nzima. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, nayo, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, humkabidhi mlengwa fedha lakini hufungamanisha sehemu yake na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Sharti hilo lina mantiki pale tu shule na zahanati zinapofikika. Zikiwa mbali, kaya hukatwa ruzuku kwa upungufu ambao ni wajibu wa serikali yenyewe kuuondoa.