Uzembe wa kitabibu: usisubiri hospitali imalize kujichunguza

Uzembe wa kitabibu ni nini?
Ni mtoa huduma kufanya, au kuacha kufanya, jambo ambalo mwenzake mwenye ujuzi kama wake asingelikosea, na mgonjwa akadhurika kwa sababu hiyo. Kitambaa cha kufyonzea damu kusahauliwa tumboni. Kupasuliwa goti la kushoto badala ya la kulia. Kuchomwa penisilini ilhali faili linaonyesha una mzio nayo.

Nisipopona, ndiyo uzembe?
Si lazima. Kidonda huweza kuingia maambukizi hata kila kitu kikifanywa sawasawa. Lazima uonyeshe kwamba kosa lenyewe ndilo lililokudhuru, si ugonjwa uliokuja nao. Hapo ndipo madai mengi huanguka, na ndiyo maana huhitajika daktari mwingine wa fani hiyohiyo atoe maoni yake.

Nilisaini fomu ya ridhaa. Bado nina haki?
Unayo. Ulikubali hatari ulizoelezwa. Hukumruhusu mtu azembee.

Tangu nipasuliwe maumivu yanazidi. Ningoje nipate wakili kwanza?
Usingoje. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, tumbo kuvimba na kukosa hata kujamba, damu isiyokata: nenda leo, hata kama ni hospitali nyingine. Wapo wanaojifungia nyumbani na vidonge vya maumivu wakidhani wakitibiwa kwingine ushahidi utapotea. Haupotei! Daktari wa pili akiandika alichokikuta, huo ndio ushahidi wenyewe. Ukikaa na kidonda kinachooza, utaulizwa mahakamani kwa nini hukutafuta matibabu, na fidia yaweza kupunguzwa.

Hospitali inasema bado inachunguza. Nisubiri majibu?
Tafadhali, usisubiri. Muda wa kufungua kesi kwa kawaida hausimami kwa sababu hospitali inachunguza. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha kawaida ni miaka 3 tangu udhurike au tangu ulipojua umedhurika. Kwingine ni mfupi zaidi, hasa ukiidai hospitali ya serikali. Muulize wakili tarehe yako ya mwisho mapema, uchunguzi uendelee au usiendelee.

Nianze na nini?
Nakala ya faili. Andika barua ya kuiomba, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Taja kila kitu: maelezo ya upasuaji, chati ya dawa ya usingizi, chati ya wauguzi, majibu ya maabara, picha za eksirei na fomu ya ridhaa. Karatasi ya kuruhusiwa peke yake haitoshi. Tunza pakiti za dawa, na uandike tarehe, saa na maneno uliyoambiwa wakati bado unayakumbuka.

Nipeleke wapi malalamiko?
Uongozi wa hospitali unaweza kueleza na kurekebisha. Baraza linalosimamia madaktari linaweza kumnyang'anya mtu leseni, lakini kwa kawaida halilipi fidia. Fidia hutafutwa kwa makubaliano au mahakamani.

Mgonjwa wetu amefariki. Tuzike kwanza?
Kama mnashuku uzembe, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya maziko, kwa daktari asiyehusika na matibabu yale. Kufukua kaburi baadaye huhitaji kibali cha mamlaka, na mwili ulioharibika huenda usionyeshe tena chanzo cha kifo.