Sasisho lipi?

Jumatatu asubuhi afande mmoja mstaafu kutoka Bombo aliniwekea mezani kifaa chake cha GPS cha baiskeli, amekifunga kwenye leso kama kipuri cha dhahabu.

"Fundi, Jumamosi usiku kilikuwa kizima. Kikaniambia kina sasisho jipya, nikakubali, nikalala. Jumapili kimenitia aibu mbele ya vijana."

Nikakiwasha. Nembo ikatokea, ramani ikaanza kujichora, kisha giza. Nembo tena, giza tena. Nilihesabu mara nane, chai yangu ikapoa.

Vidude hivi ndivyo vinavyonilisha hapa Kampala, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya mavuno. Watu huendesha Jumapili. Jumamosi usiku hutia chaji, na kifaa kikishapata umeme na Wi-Fi ya nyumbani, kinajiona kina ruhusa ya kujibadilisha. Mwenyewe anaamka alfajiri na kifaa asichokijua.

Shida ni kwamba neno "sasisho" limebeba mizigo mingi mno. Ndani ya kidude kile kuna programu kuu inayoendesha kioo na vitufe. Chipu ya GPS nayo ina programu yake ndogo. Kuna ramani. Kuna faili la setilaiti, ambalo wateja wengi hawajawahi kulisikia. Halafu kwenye simu kuna apu inayopokea vyote hivyo na kuvipitisha kwa Bluetooth. Kila kimoja kina toleo lake na ratiba yake, lakini kwenye kioo vyote hutangazwa kwa sentensi moja: tumeboresha utendaji. Mteja akiniambia sasisho limemharibia kifaa, namuuliza lipi, tunabaki tunatazamana.

Hilo faili la setilaiti nilieleze, maana ndilo linalonipa kazi zaidi. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na hutangaza habari zake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Hizo ni kama herufi sita. Mtoto wa darasa la pili anasoma haraka kuliko hivyo. Kila setilaiti hurudia maelezo ya njia yake kila baada ya sekunde 30, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ndiyo maana zamani ukiwasha kifaa chini ya mwembe ungeweza kunywa soda ukaimaliza kabla hakijajua kilipo.

Watengenezaji wakabuni njia ya mkato. Simu hupakua faili lenye utabiri wa njia za setilaiti kwa siku kadhaa zijazo, kifaa hulisoma, na kabla hujafunga helmeti kimeshajipata. Ni jambo zuri, mpaka siku faili lije bovu. Programu ikilisoma inakwama, kifaa kinajizima na kujiwasha, kinalikuta faili lilelile, kinakwama tena. Mwishoni mwa Januari 2025, saa na vifaa vya baiskeli vya kampuni moja kubwa viliganda duniani kote kwa sababu ya data ya setilaiti yenye kasoro. Waliokuwa wamekataa kusasisha programu kuu hawakusalimika, kwa sababu faili hilo hupita mlango mwingine na wala halibishi hodi.

Nikarudi kwa afande. Nilishikilia kitufe mpaka kikaingia katika hali ya matengenezo, nikakiunganisha na kompyuta kwa kebo, kikafunguka kama flashi. Programu kuu iliandikwa Jumamosi usiku, kweli. Lakini faili la setilaiti lilikuwa la Jumapili, 08:41, yaani saa mbili na dakika 41 asubuhi.

"Afande, saa mbili na nusu hivi ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tumeshageuza Luweero, tunarudi. Kilinizimikia karibu na Wobulenzi."

Basi simu mfukoni mwake ndiyo iliyokilisha sumu njiani, kwa bando lake mwenyewe. Na bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo hata sumu tunailipia kodi.

Nililifuta faili, nikakitoa kibarazani penye anga wazi. Dakika mbili hazikutimia, kikajipata.

Lakini afande alitaka safari yake. Kifaa huandika safari kwenye faili la aina ya FIT, na mwanzoni mwake kuna baiti nne zinazotaja ukubwa wa data iliyomo. Hujazwa ipasavyo unapobonyeza kumaliza safari. Yeye hakumaliza, kifaa kilizimika, kwa hiyo palikuwa na sifuri pale. Ukilipandisha mtandaoni linakataliwa kama noti iliyochanika, ingawa kilomita zote zimo. Nikaweka ukubwa sahihi, nikapiga hesabu ya baiti mbili za uhakiki zinazokaa mwishoni, nikahifadhi. Safari ikafunguka: kutoka Bombo mpaka Luweero, kisha mstari unarudi na kukatika Wobulenzi.

Msinielewe kwamba nawaambia msisasishe kabisa. Mwaka jana bwana mmoja wa Jinja aliniletea kifaa cha zamani ambacho mtengenezaji wake ameshakitupa, hakitolei tena programu mpya. Safari yake ya Jumapili, 12 Oktoba 2025, ilijiandika 26 Februari 2006. Mawimbi ya GPS ya kawaida huhesabu wiki kuanzia 0 hadi 1,023, kisha hurudi sifuri. Hesabu ilianza Januari 1980, ikarudi sifuri Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Kifaa hukisia kiko mzunguko gani kwa kutumia tarehe iliyowekwa ndani ya programu yake, na tarehe hiyo ikichakaa, kinarudi nyuma wiki 1,024 kamili. Ndiyo maana hata Jumapili ilibaki kuwa Jumapili. Yule bwana alicheka: "Siku tatu baada ya uchaguzi mkuu! Wakati ule hata baiskeli sikuwa nayo." Hapo sasisho ndilo lingekuwa dawa, na halipo.

Kwa hiyo mimi kwangu nimezima kujisasisha kwenyewe. Programu kuu naiweka Jumatatu au Jumanne, kwa kebo, betri ikiwa imejaa na safari za zamani nimeshazinakili kwenye kompyuta. Baadaye naangalia mzingo wa gurudumu na mwinuko, kwani baadhi ya masasisho huvirudisha kama kifaa kilivyotoka kiwandani. Mwinuko naupima ufukweni Entebbe, ambako ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ramani sina haraka nazo.

Afande alivaa miwani akaikagua safari yake kwenye kompyuta yangu, kidole kikifuata mstari.

"Kilomita 46 tu? Na zile za kutoka Wobulenzi mpaka nyumbani?"

"Hizo hakikuziona, afande. Kilikuwa kimekufa."

"Basi niandikie wewe kwa mkono. Vijana watasema nilipanda matatu."