Kutafuta mafuta chini ya maji bila kuyapigia mshindo

Wengi wanaofika katika taasisi yetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hutuuliza kuhusu visima, wakiamini kwamba madhara ya mafuta huanza siku ya kuchimba. Mara nyingi huanza mapema zaidi, wakati wa kutafuta, na hapo ndipo mbinu zimebadilika sana.

Njia iliyozoeleka ni bunduki za hewa. Meli huvuta mitungi yenye hewa iliyoshindiliwa, ambayo hufyatuliwa kila baada ya sekunde 10 hadi 15, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Mshindo hupenya miamba, na mwangwi unaorudi hupokelewa na vinasa sauti vilivyopangwa kwenye nyaya ndefu. Picha inayopatikana ni nzuri, lakini ina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa karibu na Tasmania, ulionyesha kwamba baada ya bunduki moja tu kufyatuliwa, vifo vya viumbe vidogo vinavyoelea majini viliongezeka hadi umbali wa kilomita 1.2. Viumbe wa jamii hiyo ndio chakula cha sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu letu.

Mbinu mpya inayokaribia zaidi kuchukua nafasi ya bunduki ni mtambo wa kutikisa. Badala ya kutoa nguvu yote kwa pigo moja, mtambo huu huinyunyiza kwa sekunde kadhaa, kama anayesukuma mlango polepole badala ya kuupiga teke, na unaweza kuepuka kutoa sauti nyembamba ambazo mpimaji hazihitaji ingawa pomboo huzisikia. Nyingine hutumia umeme: mwamba uliojaa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, uliojaa mafuta huuzuia, hivyo vipokezi vilivyolazwa sakafuni mwa bahari huonyesha tofauti hiyo. Hufaa zaidi katika bahari ya kina, na ilijaribiwa nje ya pwani ya Angola mwaka 2000. Ziko pia ndege zinazopima mabadiliko madogo ya uvutano, na setilaiti zinazotambua utando wa mafuta yanayovuja yenyewe kutoka chini.

Sisi wa Goma tunaifahamu mbinu nyingine bila kuijua kwa jina. Vipima mitetemo vinavyosikiliza volkano ya Nyiragongo havipigi chochote. Husubiri dunia itikisike yenyewe. Kwa namna hiyohiyo, mitetemo ya asili inaweza kutumiwa kuchora miamba iliyo chini ya maji, ingawa picha yake huwa na ukungu zaidi. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizi inayothibitisha kuwapo kwa mafuta. Kisima peke yake ndicho kinachothibitisha, na kisima si jambo dogo.

Ziwa Kivu ni kesi ya pekee. Vitalu vitatu vya gesi vilivyotangazwa na serikali ya Kongo mwezi Julai 2022 vyote vimo humo, lakini gesi hiyo haijafichwa ndani ya mwamba: takriban kilomita za ujazo 60 za metani na 300 za kaboni dioksidi, ndugu wa mazuku (hewa yenye sumu inayotoka ardhini), zimeyeyuka katika maji ya chini. Kuichunguza ni kuteremsha kipimo kwa waya, kikisoma joto na chumvi mita kwa mita. Maji yakipandishwa kwa bomba kutoka mita 300, hububujika yenyewe kama soda iliyofunguliwa. Anayekumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambako kaboni dioksidi iliyofumka kutoka majini iliua zaidi ya watu 1,700 mwaka 1986, ataelewa kwa nini tunauliza kwanza iwapo kazi yoyote itavuruga matabaka ya maji yanayoishikilia gesi hiyo chini.

Sheria ya hidrokaboni, yaani mafuta na gesi, ya mwaka 2015 inadai uchunguzi wa athari za kimazingira na kijamii. Wavuvi na viongozi wa mitaa wanapoitwa kutoa maoni, jibu la kwamba "tutatumia teknolojia ya kisasa" lisiwatosheleze. Waombe waelezwe aina ya chanzo cha sauti, shinikizo lake, idadi ya siku za kazi, na ramani inayoonyesha njia ya meli pamoja na mahali nyavu zinapotegwa usiku.