Je, wajua kwa nini mbunge hushika shilingi ya Waziri wa Ulinzi?

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei, Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husimama bungeni Dodoma kuomba fedha za mafungu matatu: Fungu 38 la Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenyewe, Fungu 39 la JKT na Fungu 57 la wizara. Ukilinganisha na bajeti ya maji au ya kilimo, mjadala huu hupoa haraka. Mheshimiwa huyu atalipongeza jeshi, yule atampongeza Amiri Jeshi Mkuu, wataunga mkono hoja kwa asilimia mia moja na kukaa. Mambo hubadilika Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi na kuanza kupitia vifungu. Hapo ndipo anaposimama mbunge mmoja, tuseme wa Sengerema au Kwimba, na kutangaza kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha kuhusu wanajeshi wastaafu wa jimboni kwake, atashika shilingi ya Mheshimiwa Waziri.

Shilingi yenyewe ni moja tu, ya kwenye mshahara wa waziri. Kinachofanyika ni mbunge kutoa hoja ya kuupunguza mshahara huo kwa kiasi hicho. Wenzake wakisimama kumuunga mkono, hoja inajadiliwa, waziri anajibu, na mara nyingi mwenye hoja hurudisha shilingi baada ya kupewa ahadi. Wanaotazama kwenye televisheni huona mchezo wa kuigiza. Mimi naona ndicho kitendo chenye maana kuliko hotuba nyingi za siku hiyo, na sababu yake imo ndani ya Katiba.

Ibara ya 99 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Bunge halitashughulikia muswada au hoja ya kutoza kodi, au ya kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza hivyo na pendekezo lake liletwe na waziri. Ibara hiyohiyo inaacha mlango mmoja wazi, nao ni kupunguza. Kwa hiyo mbunge wa Tanzania anaweza kuomba mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja, lakini hawezi kupeleka muswada wake binafsi wa kumwongezea mzee wa Igoma shilingi hiyohiyo kwenye pensheni. Anashika shilingi kwa sababu kuishika anaruhusiwa, kuiongeza haruhusiwi. Wapiga kura wengi hawalijui hili, na wagombea wanaoahidi jukwaani kwamba wakifika Dodoma watapandisha pensheni za wazee hawana haraka ya kuwaeleza.

Kwingine mambo ni tofauti. Marekani, Bunge lenyewe ndilo lenye mamlaka ya kuanzisha matumizi, na lina kamati maalumu za wanajeshi wastaafu. Wastaafu hao wana wizara yao kamili tangu 1989. Ndiyo maana mbunge wa kule anaweza kujitangaza kuwa mtetezi wao kwa kutaja sheria aliyoiandika mwenyewe. Tarehe 10 Agosti 2022, kwa mfano, Rais Biden alitia sahihi sheria iitwayo PACT, iliyopanua matibabu na fidia kwa askari waliovuta moshi wa sumu wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq na Afghanistan. Ilianzia bungeni, ikasukumwa na wabunge wakishirikiana na vyama vya wastaafu. Mbunge wetu hana kalamu ya namna hiyo. Ana swali, ana kamati, ana hoja binafsi ya kulitaka Bunge litoe azimio, na ana ile shilingi.

Swali nalo lina ufundi wake, na wengi hukosea pa kulielekeza. Pensheni ya mwanajeshi hailipwi na Ngome, wala na mifuko ya hifadhi ya jamii anayochangia mwalimu au nesi. Inalipwa na Hazina moja kwa moja. Mbunge akimuuliza Waziri wa Ulinzi kwa nini mstaafu wa Misungwi hajalipwa, waziri anaweza kujibu bila kusema uongo hata kidogo kwamba jeshi limeshapeleka majalada yote Hazina. Mbunge mzoefu huuliza pande zote mbili: wizara moja aiulize kuhusu kumbukumbu za utumishi, nyingine kuhusu malipo. Na akili yake yote huiweka kwenye maswali mawili ya nyongeza, kwa sababu jibu la swali la msingi huandaliwa mapema na wataalamu wa wizara, ila la nyongeza humkuta Naibu Waziri akiwa amesimama.

Mabadiliko makubwa hupitia bajeti kuu. Mwaka wa fedha 2015/16 kima cha chini cha pensheni zinazolipwa na Hazina kilipanda kutoka takriban shilingi 50,000 hadi takriban 100,000 kwa mwezi. Uamuzi ulikuwa wa Serikali, ila miaka ya nyuma yake ilikuwa imejaa maswali ya wabunge kuhusu wazee waliokuwa wakipokea fedha isiyotosha nauli ya kuifuata.

Sasa angalia jambo lenyewe linavyokuwa mikononi mwa mzee. Hazina hufanya uhakiki wa wastaafu ili kuondoa wastaafu hewa kwenye orodha ya malipo. Mzee anakuja na barua ya kustaafu iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, kadi ya benki, picha na kitambulisho cha NIDA. Juu ya barua kuna namba yake ya jeshi, inayoanza na herufi MT. Namba anaikumbuka kuliko siku ya kuzaliwa kwa mwanawe wa kwanza. Tatizo ni jina. Jeshini aliandikwa jina lake na la baba. NIDA wameongeza la ukoo, tena kwa tahajia ya karani. Benki wana la tatu. Mtu mmoja, majina matatu, na mfumo unamwona ni watu watatu ambao hakuna hata mmoja wa kulipwa. Hapo kuna hati ya kiapo ya kutafuta, kuna safari, kuna "njoo Jumatatu". Akifariki kabla hayajanyooka, mjane anaanzia kwenye mirathi. Kazi kubwa ya ofisi ya mbunge kwa wastaafu ni hii isiyotangazwa na redio: barua ya utambulisho, simu moja Dodoma, na mtu wa kufuatilia jalada lilikolala.

Kundi gumu zaidi kwa Kanda ya Ziwa ni mgambo wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwa yale maneno ya sababu, nia na uwezo. Jeshi la kawaida halikutosha. Wakaitwa polisi, magereza, JKT na mgambo wa vijijini na viwandani, maelfu kwa maelfu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baadaye wengi walirudi kwenye majembe na nyavu zao. Hawakuwa waajiriwa wa jeshi, kwa hiyo hawana pensheni ya mwezi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Suala lao limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na kiini cha ubishi ni kilekile: kisheria, aliyeitwa kwa dharura akalipwa stahili za dharura hana dai linaloendelea. Kisheria ni sawa. Lakini walioko Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, hawakuulizwa kama mkataba wao ulikuwa wa kudumu au wa muda. Siku ya Mashujaa, Julai 25, taifa huwakumbuka wote pamoja. Bado naona wanaowatetea mgambo hawa wangefika mbali zaidi wakiomba kitu mahususi, kama matibabu, badala ya kudai pensheni ambayo sheria haiijui. Kwa sasa vyama kama MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, na Tanzania Legion, chama cha zamani kinachowahusu pia waliokuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wakapelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ndivyo vinavyojaribu kushika orodha za wanachama. Mbunge asiye na orodha anauliza swali la hewani.

Utauliza, haya yote yana uhusiano gani na usalama wa taifa? Mbona yanafanana na ustawi wa jamii?

Historia ya nchi hii ina jibu lililonyooka. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mishahara, na maofisa wa Kiingereza waliobaki kuwa wakubwa wao miaka miwili baada ya Uhuru. Uasi ukafika Tabora na Nachingwea, na Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza walewale waje kuuzima. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo JWTZ likazaliwa. Kumbe taifa changa lilitikiswa na hesabu ya mishahara pamoja na heshima ya askari, bila adui kuvuka mpaka. Kijana wa leo wa Magu anayefikiria kujiunga na jeshi hasomi sera ya ulinzi; anamtazama babu yake aliyestaafu anavyoishi.

Mwanza yenyewe inajua vita si jambo la redioni. Septemba 1972 ndege za Amin ziliupiga mji huu. Machi 1979, Gaddafi alipokuwa akimsaidia Amin, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yalikosa mji mzima yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa. Wanaokwenda leo kupiga picha na pimbi juu ya mawe ya Saanane, ambayo sasa ni hifadhi ya taifa, wachache wanajua kwamba swala wa pale waliwahi kufa kwa vita.

Siku hizi usalama wa ziwa una sura nyingine. Tanzania ina takriban asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Kenya 6, na katikati ya maji hakuna bikoni. Mvuvi wa dagaa wa Ukerewe yuko ziwani usiku na taa zake, akiwa na injini ambayo huenda ndiyo mali yenye thamani kuliko nyumba yake. Majambazi wakimvamia wanachukua injini, nyavu na petroli, na kumwacha akielea. Swali la mbunge hapa ni dogo na la maana: Polisi Wanamaji wana boti ngapi zinazotembea, na mafuta ya mwezi mzima yapo? Linakwenda Wizara ya Mambo ya Ndani, si Ulinzi, ingawa bungeni wizara zote mbili, pamoja na Mambo ya Nje, husimamiwa na kamati moja, ile ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama.

Kamati hiyo ndiyo mahali mbunge anapolikaribia jeshi kuliko kwingine kokote. Hutembelea vikosi na miradi, hupitia makadirio kabla hayajafika ukumbini, na mengi huelezwa milango ikiwa imefungwa. Mipaka ipo. Maofisa hawawezi kulazimishwa kutoa nyaraka za kijeshi mbele ya kamati bila ridhaa ya Rais. Hata vita akitangaza Rais, chini ya ibara ya 44 Spika anatakiwa kuliita Bunge ndani ya siku 14 ili liamue kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono. Tangazo linatangulia, wabunge wanafuata.

Mlango wa kutoka jeshini kwenda siasa nao una kufuli. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Kura yake tu ndiyo anayobaki nayo. Wakati wa chama kimoja haikuwa hivyo. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, wanajeshi waliokuwa ndani ya siasa walitakiwa kuchagua, na Jakaya Kikwete alistaafu jeshi akiwa Luteni Kanali. Kwa hiyo askari aliye kazini hana mahali pa kupaza sauti kuhusu maslahi yake: hagomi, haandamani, hana chama. Ni mbunge ndiye anayeweza kumsemea bila kuvunja kanuni ya jeshi.

Kama una mzee nyumbani ambaye malipo yake yamekwama, ofisi ya mbunge isiende mikono mitupu. Peleka namba ya jeshi, kikosi cha mwisho, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na nakala ya barua ya kustaafu au ya kumaliza mkataba, maana waliomaliza mkataba mfupi huishia kwenye kiinua mgongo na hawaingii kwenye pensheni ya mwezi. Mbunge akiuliza bungeni, chukua tarehe ya kikao na namba ya swali. Majibu yote yanachapishwa kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na ukurasa wenye ahadi ya Naibu Waziri, ukiuambatanisha na barua yako ya kwenda Hazina, afisa huusoma kwa namna tofauti kabisa na anavyosoma malalamiko.