Katiba ya Marekani ya 1787: iliyafunga madaraka au iliyakusanya?

Watu wengi hufundishwa kwamba Katiba ya Marekani iliandikwa ili kuifunga serikali mikono. Huo ni ukweli nusu. Wajumbe 55 waliokutana Philadelphia kati ya Mei na Septemba 1787 walikwenda kwanza kabisa kuipa nguvu serikali iliyokuwa hoi. Kuijenga na kuifunga vilifanyika kwa kalamu moja, na tangu hapo mambo hayo mawili hayajaacha kuvutana. Anayetaka kuuelewa uliberali wa jadi, yaani imani kwamba mtu huzaliwa na haki zake, kwamba serikali hutawala kwa ridhaa ya watu, na kwamba kazi yake ni kulinda uhai, uhuru na mali bila kuvuka hapo, atajifunza mengi kwa kuufuatilia mvutano huo. Ushauri wangu ni huu: usiyaangalie maandishi peke yake. Uliza pia nani anashika fedha, na nani ana watu wa kutekeleza amri.

Kabla ya Katiba kulikuwa na Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika Machi 1781. Kongresi ya wakati huo, yaani bunge la taifa, haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo, nayo yakatoa yalipopenda. Jambo zito lilihitaji kura za majimbo 9 kati ya 13, na kuubadili Mkataba kulihitaji yote. Mwaka 1782 Rhode Island peke yake ilikataa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, pendekezo likafa. Juni 1783 askari waliokuwa wakidai mishahara yao waliizingira Kongresi mjini Philadelphia, wajumbe wakahamia Princeton. Mwaka 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, waliolemewa na madeni na kodi, walizizuia mahakama zisikae.

Mliberali wa siku zile angesimama upande gani? Serikali kuu dhaifu haikuwa na njia ya kumwonea. Lakini bunge la jimbo lilikuwa nayo. Rhode Island ilichapa noti zilizoshuka thamani haraka, kisha ikawabana wadai wazipokee kama malipo halali. James Madison wa Virginia aliyatazama mambo ya namna hiyo akahitimisha kwamba dhuluma haihitaji mfalme, maana wengi walioungana ndani ya jimbo dogo wanatosha kuifanya. Mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu alikuwa amefundisha mwaka 1748 kwamba jamhuri hustawi katika eneo dogo. Madison akaipindua hoja hiyo: katika jamhuri kubwa makundi na maslahi ni mengi mno, na ni vigumu kundi moja kuiteka serikali yote. Kwake yeye, kupeleka sehemu ya madaraka kituoni, yaani kwa serikali kuu, ilikuwa njia ya kuulinda uhuru wa mtu mmoja mmoja.

Wajumbe 39 walitia sahihi. Miongoni mwa waliobaki hadi siku ya mwisho wakakataa ni George Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry. Nje ya ukumbi upinzani ulikuwa mkubwa zaidi: Massachusetts iliridhia kwa kura 187 dhidi ya 168, Virginia 89 dhidi ya 79, New York 30 dhidi ya 27. Mara nyingi wapinzani hawa huelezwa kama watu wa vijijini walioogopa mabadiliko. Si haki kuwaeleza hivyo. Mwandishi aliyejiita Brutus katika magazeti ya New York aliisoma Katiba kwa makini yanayostahili heshima hadi leo. Alionyesha mahali patatu: uwezo wa kutoza kodi usio na kikomo cha maana, kifungu kinachoiruhusu Kongresi kutunga sheria zote zitakazohitajika na kufaa kutekeleza mamlaka yake, na mahakama ya taifa ambayo uamuzi wake hauna pa kukatiwa rufaa. Kwa mambo hayo, alisema, majimbo yatamezwa polepole, hukumu moja baada ya nyingine.

Jibu la upande wa pili lilikuwa kwamba mamlaka ya serikali kuu yameorodheshwa, na lisiloorodheshwa haliruhusiwi. Ili kuwatuliza wananchi, marekebisho 10 ya haki yalipitishwa na kuanza kutumika Desemba 1791. La kumi linasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa watu. Lakini Mkataba wa zamani ulikuwa umesema majimbo yanabaki na kila mamlaka ambayo hayakukabidhiwa *waziwazi*, na sharti hilo la uwazi halikurudishwa. Mwaka huohuo Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alipata benki ya taifa, ingawa Katiba haikutaja benki popote. Madison, akiwa mbunge, aliipinga. Mwaka 1816, sasa akiwa rais, alitia sahihi kuanzishwa kwa benki ya pili. Miaka mitatu baadaye Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba benki ni halali, kwamba yapo mamlaka yanayotokana na yaliyoandikwa, na kwamba Maryland haina ruhusa ya kuitoza kodi. Kwa maoni yangu, katika jambo hili Brutus aliona mbali kuliko waliomshinda.

Je, basi mliberali ayashike majimbo tu? Hapa ndipo watu wengi huteleza. Katiba ile ile iliamuru kwamba mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe kwa bwana wake. Mwaka 1842 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya Pennsylvania iliyozuia watu kukamatwa na kupelekwa utumwani, ila katika hukumu hiyohiyo Jaji Joseph Story alikubali kwamba majimbo yanaweza kuwakataza maofisa wao kushiriki katika kazi hiyo. Majimbo kadhaa ya kaskazini yakafanya hivyo. Kongresi ilijibu mwaka 1850 kwa sheria kali iliyotumia watendaji wa serikali kuu. Mwaka 1854 umati wa watu mjini Milwaukee ulimtoa gerezani Joshua Glover, mtu aliyekimbia utumwa, akafika Kanada. Mahakama kuu ya Wisconsin ikaitangaza sheria ya 1850 kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya taifa ikautengua uamuzi huo.

Nawasihi wasomaji walikumbuke jambo hili wanapoambiwa kwamba kusini ilijitenga kwa ajili ya haki za majimbo. Tamko la South Carolina la Desemba 1860 lililalamika, na kuyataja majimbo ya kaskazini kwa majina, kwamba yamekataa kuwarudisha watumwa. Lililoudhi lilikuwa uhuru wa majimbo mengine. Na watu waliokuwa utumwani ndani ya South Carolina hawakuwa na mlinzi, kwa sababu mlango wa ridhaa haukuwahi kufunguliwa kwao. Vilevile, tangu uamuzi wa mwaka 1833, yale marekebisho 10 hayakuyabana majimbo hata kidogo. Ilihitajika vita ya wenyewe kwa wenyewe, kisha Rekebisho la 14 la mwaka 1868, ili raia apate haki anazoweza kuzidai dhidi ya jimbo lake mwenyewe. Huo nao ulikuwa ukusanyaji wa madaraka, tena mkubwa, na sioni mliberali mkweli anayeweza kuujutia.

Tofauti iliyochorwa na mwandishi Mfaransa Alexis de Tocqueville mwaka 1835, baada ya safari yake Marekani, ndiyo inayonisaidia zaidi. Alitenganisha kukusanya utawala, yaani sheria za pamoja na uhusiano na mataifa ya nje, na kukusanya utendaji, yaani kituo kuingia katika mambo ya kila mtaa. La kwanza aliliona la lazima. La pili aliliogopa, kwa kuwa huwaondolea watu mazoea ya kujitawala.

Karne ya 20 ilisogea upande huo wa pili. Mwaka 1913 Katiba ilirekebishwa mara mbili: serikali kuu ikaruhusiwa kutoza kodi ya mapato bila kuigawa kwa hesabu ya watu wa kila jimbo, na maseneta, waliokuwa wakichaguliwa na mabunge ya majimbo, wakaanza kuchaguliwa na wapiga kura moja kwa moja. Wananchi walipata sauti, lakini bunge la jimbo likapoteza wakala wake ndani ya Seneti. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba Kongresi, kwa mamlaka yake juu ya biashara kati ya majimbo, inaweza kumwekea mipaka mkulima wa Ohio hata kwa ngano anayokusudia kuitumia shambani kwake.

Hata hivyo ile hoja ya 1842 kuhusu watendaji haikufa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Kongresi haiwezi kuwaamuru masherifu wa majimbo kuwachunguza wanunuzi wa bastola kwa niaba yake. Kituo kikitaka kazi ifanyike, kitume watu wake.

Ila kipo kile chombo ambacho Kongresi ya 1783 haikuwa nacho. Mwaka 1984 sheria ilisema jimbo litakaloruhusu vijana wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Si amri, ni sharti la fedha, na Mahakama ililikubali mwaka 1987. Mwaka 2012 majaji 7 kati ya 9 waliona kwamba kuyatishia majimbo kuyanyima fedha zote za bima ya afya ya wasiojiweza yakikataa kuipanua kumevuka mpaka na kuwa ulazimishaji. Mpaka wenyewe uko wapi kati ya kesi hizo mbili, hawakuuchora.