Kuondoa Kamera Hakushushi Bei: Dhana Potofu Kuhusu Kompyuta za Mkononi za Gharama Nafuu

Kila msimu wa korosho unapokaribia, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika kutoka Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hunijia na ombi lilelile: niwaundie kompyuta ndogo ya mkononi ya kurekodi kilo za wakulima ghalani. Kwa kuwa hawahitaji kamera wala prosesa yenye kasi, wanaamini kuwa kifaa hicho lazima kiwe rahisi kuliko simu ya dukani. Dhana hii nimeijibu kwa mdomo hadi nimechoka.

Kamera duni na prosesa ya kawaida ni vitu vya bei ndogo. Kioo na betri hugharimu zaidi, na juu yake kuna gharama ambazo mteja hazioni: kusanifu bodi, kuandika programu, kupata idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa kifaa chenye mawasiliano, na kuchonga kalibu, yaani umbo la chuma la kumiminia plastiki ya ganda. Tuseme kalibu imegharimu dola 10,000. Ukitengeneza vifaa 100, kila kimoja kinabeba dola 100 za ganda tupu, kabla hujanunua hata kioo. Ukitengeneza 100,000, kila kimoja kinabeba senti 10. Kinachoshusha bei ni wingi.

Wahindi walilipitia hili. Simputer, kompyuta ndogo ya mkononi iliyobuniwa Bangalore na wataalamu wa Indian Institute of Science pamoja na kampuni ya Encore, ilikusudiwa kuuzwa takriban rupia 9,000. Ilitumia Linux, mfumo endeshi wa bure, iliweza kusoma maandishi kwa sauti, na ilikuwa na tundu la kadi ya taarifa za kila mtumiaji ili wanakijiji wengi watumie kifaa kimoja. Ilipoingia sokoni mwaka 2004 ilinunuliwa kwa maelfu machache tu, na wakati huo simu za mkononi, zilizotengenezwa kwa mamilioni, zilikuwa zikishuka bei kila mwaka. Hata kompyuta ya OLPC (One Laptop per Child), mradi wa kompyuta za bei nafuu za watoto wa shule, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ahadi ya dola 100, ilikaribia dola 190 ilipoanza kuzalishwa mwaka 2007, ingawa ilikuwa na wafadhili ambao chama cha msingi hakiwezi hata kuwaota.

Kwa hiyo chama kinachohitaji vifaa 40 kinunue simu za kawaida, fedha za kubuni kifaa kipya ziende kwenye programu nzuri, na tuachane na habari ya kalibu.

Wengine hutaka paneli ya jua mgongoni. Paneli ya ukubwa huo hutoa wati moja na nusu hivi jua likiwa kali, ilhali betri ya mAh 5,000 inahitaji zaidi ya wati-saa 18. Utakianika kifaa siku mbili, na joto la Mtwara litaiua betri kabla haijajaa.

Wavuvi wa Mikindani nao huniambia kuwa IP67, alama ya kifaa kisichoingia vumbi wala maji, maana yake ni kuzama baharini bila madhara. Kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi, kina cha mita moja, kwa dakika 30. Chumvi ikibaki kwenye tundu la chaji na waya ukachomekwa, pini huota kutu ya kijani ndani ya siku chache. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kabisa, ndipo uchaji.

Na tafadhali, nunueni kifaa ambacho betri yake hutoka kwa bisibisi, si kwa gundi.